Hati Haisemi Kilicho Chini

Mwaka 1953 bodi ya shule ya mji wa Niagara Falls, katika jimbo la New York, ilinunua kiwanja kikubwa kwa dola 1. Muuzaji alikuwa kampuni ya Hooker Chemical, na bei hiyo ilikuwa na sababu zake. Ndani ya mkataba kampuni ilitia kifungu kinachosema kwamba ardhi imefukiwa mabaki ya viwanda vya kemikali, na kwamba mtu akidhurika siku za usoni mnunuzi asije kudai chochote. Bodi ikasoma, ikatia saini, ikajenga shule ya msingi. Chini ya ardhi hiyo kulikuwa na taka zipatazo tani 21,000, zilizotupwa humo tangu 1942.

Mahali hapo panaitwa Love Canal. Pembeni ya shule zilipangana nyumba za wafanyakazi, watu wa kipato cha kawaida waliofurahi kupata makazi karibu na kazi. Hati zao za nyumba hazikuwa na ule mstari wa onyo. Kwa miaka zaidi ya 20 maisha yaliendelea, hata mvua na theluji nyingi za miaka ya 1970 zilipopandisha maji ya ardhini na mapipa yaliyooza yakaanza kuchungulia juani. Kiowevu chenye harufu kali kikavuja hadi kwenye vyumba vya chini vya nyumba. Mama mmoja wa mtaani, Lois Gibbs, alianza kugonga mlango mmoja baada ya mwingine akiuliza nani anaumwa nini. Agosti 1978 Rais Jimmy Carter alitangaza hali ya dharura, na mamia ya familia zikaja kuhamishwa.

Sheria iliyozaliwa na mkasa huo, mwaka 1980, ilibeba wazo lililowatia wafanyabiashara wa viwanja homa. Mwenye ardhi anaweza kubebeshwa gharama za kuisafisha hata kama sumu ilimwagwa na mtu mwingine aliyekwisha kufa. Njia yake ya kujinasua ni kuonyesha kwamba kabla ya kununua aliuliza, akachunguza, na hakukuwa na dalili. Kutokana na hofu hiyo ikazaliwa kazi nzima ya kuchimbua historia ya viwanja. Mchunguzi huanza bila sururu wala mtambo. Anasoma ramani kuukuu, anatazama picha za angani za miaka iliyopita, anahoji wazee wa mtaa, kisha anatembea kiwanjani akiangalia majani yaliyokauka pasipo sababu na mabaka ya mafuta ardhini. Akishuku ndipo wanaitwa watu wa kutoboa ardhi na kupeleka sampuli maabara.

Sasa msomaji achukue hati ya kiwanja cha Dar es Salaam, Mwanza au Dodoma aisome. Atakuta namba ya kiwanja, kitalu, ukubwa, matumizi yaliyoruhusiwa na miaka ya umiliki, iwe 33, 66 au 99. Hatakuta kwamba palikuwa na gereji iliyomwaga oili chafu chini kwa miaka 20, au kituo cha mafuta ambacho matangi yake yaliachwa humo humo yalipokoma kutumika, au dimbwi lililojazwa kifusi na takataka halafu likasawazishwa vizuri likauzwa. Hati inamtambua mwenye ardhi. Ardhi yenyewe inaitambua kwa vipimo vya juu tu.

Kwamba jambo hili si la Wamarekani peke yao, Mombasa inalifahamu kwa uchungu. Katika kijiji cha Owino Uhuru, mtaa wa watu wapatao 3,000 upande wa Changamwe na Jomvu, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu za magari kilifanya kazi ubavuni mwa nyumba za watu kati ya 2007 na 2014. Kilichokuwa kikitafutwa ndani ya betri hizo ni madini ya risasi. Moshi ulishuka juu ya mabati, maji machafu yakapita vichochoroni, vumbi likatua mahali watoto wanapochezea. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa kiwandani humo, aliuguliwa na mwanawe mchanga mpaka vipimo vilipoonyesha kuwa mtoto ana risasi mwilini. Akaacha kazi, akaanza kupiga kelele. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya kimataifa ya Goldman, inayotolewa kwa watetezi wa mazingira.

Kesi ya wakazi ilichukua miaka. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Linalofaa kutazamwa zaidi ni jinsi lawama zilivyogawanywa. Mamlaka ya mazingira ya nchi, NEMA, ilibebeshwa asilimia 40, mzigo mkubwa kuliko ule wa kiwanda chenyewe. Mahakama iliona kwamba aliyepewa kazi ya kulinda naye ana deni.

Hukumu ya 2020 iliagiza pia udongo usafishwe, ndani ya miezi 4, na ikataja shilingi milioni 700 endapo agizo halitatekelezwa. Hapa ndipo watu wengi hudhani kufunga kiwanda kunatosha. Hakutoshi hata kidogo. Risasi haiozi, haiungui, wala haipungui kwa kupita misimu ya mvua. Inajishika kwenye sentimita chache za juu za udongo, na hapo ndipo mtoto anapotambaa, anapochezea kombolela na anapotia vidole mdomoni. Ikishaingia mwilini inaharibu ubongo unaokua, na uharibifu huo haurudi nyuma. Januari 2024 shirika la mazingira la Marekani, EPA, lilishusha kiwango cha tahadhari cha risasi katika udongo wa makazi kutoka sehemu 400 hadi 200 kwa kila sehemu milioni, kwa kuwa utafiti ulikuwa umeonyesha kwamba hata kiasi kidogo kinadhuru.

Je, udongo wa namna hiyo unasafishwa vipi katika nchi isiyo na mabilioni ya kuchezea? Jibu zuri lipo Afrika Magharibi. Mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara kaskazini mwa Nigeria, zaidi ya watoto 400 walikufa kwa sumu ya risasi iliyotoka kwenye mawe ya dhahabu yaliyokuwa yakisagwa nyumbani. Madaktari Wasio na Mipaka waligundua jambo ambalo kila ofisi ya mipango miji ingefaa kulibandika ukutani: kumtibu mtoto na kumrudisha kwenye ua ule ule ni kazi bure. Wakaamua kuwa dawa zianze baada ya nyumba kusafishwa. Wanakijiji kwa majembe na ndoo wakakwangua tabaka la juu, wakalizika katika mashimo yaliyoandaliwa, wakaleta udongo safi wa kufunika. Kijiji cha Bagega, kikubwa kuliko vingine, kilisafishwa mwaka 2013. Hapakuhitajika mitambo ya ajabu. Kilichohitajika ni vipimo, usimamizi wa kila siku na mahali pa kuzika palipochaguliwa kwa akili.

London ilipotaka kujenga uwanja wa Olimpiki wa 2012 kule Stratford, penye mabaki ya viwanda vya zaidi ya karne moja, iliweka mitambo ya kuosha udongo pale pale kiwanjani. Wenyewe waliiita hospitali za udongo. Sehemu kubwa ya udongo uliochimbwa ilirudi kutumika. Hiyo ni njia ya matajiri, lakini kanuni ni moja na ile ya Bagega: kwanza pima, kisha amua nini kiende, nini kibaki, nini kifunikwe.

Sumu ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni uzito.

Tarehe 16 Novemba 2024, Jumamosi asubuhi, jengo la ghorofa nne liliporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, na kuua zaidi ya watu 25. Taarifa za siku zile zilieleza kwamba kulikuwa na kazi ya kupanua sehemu ya chini ya jengo ili kupata maduka zaidi. Wafanyabiashara wenyewe huiita andagraundi, na ukilijua soko la Kariakoo utaelewa kwa nini inatamaniwa: fremu moja ya duka pale ina thamani ya shamba zima kwingineko. Miaka kumi na moja nyuma, Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya jiji lilianguka na kuua watu 36. Baada ya kila tukio iliundwa kamati au tume, zikatolewa amri za kukagua majengo, magazeti yakaandika kuhusu nondo na saruji. Kuhusu ardhi iliyobeba nondo hizo yaliandikwa machache mno.

Kuchimba chini ya jengo lililokwisha simama ni kazi ya hatari kuliko kujenga jipya, na sababu yake inaeleweka bila digrii. Msingi hausimami kwa udongo ulio chini yake peke yake. Unashikwa pia na ule wa ubavuni, unaouzuia ule wa chini usitoroke kwa pembeni unapokandamizwa. Ukiuondoa wa ubavuni bila kuweka ukuta wa kuuzuia, umeufungulia wa chini mlango. Kuna pia maji. Maeneo ya bondeni ya Dar es Salaam yana mchanga, na maji hayako mbali. Fundi akishusha pampu kukausha shimo, maji yanavutwa hata kutoka chini ya jengo la jirani. Yale maji yalikuwa yakisaidia kubeba mzigo. Yakiondoka, chembe za udongo zinasogeleana, ardhi inashuka, na jirani asiyejua lolote anaona mlango wa duka lake haufungi. Mexico City imefundisha somo hili kwa ukubwa wa jiji: kwa sababu ya kuvuta maji ya ardhini, zipo sehemu zake zinazozama karibu nusu mita kwa mwaka.

Mhandisi anaijuaje nguvu ya udongo asiouona? Kipimo kinachotumika sana ulimwenguni ni cha kushangaza kwa wepesi wake. Nyundo ya kilo 63.5 inaangushwa kutoka kimo cha sentimita 76 juu ya bomba lililoingizwa ardhini, na mtu anahesabu mapigo yanayohitajika bomba lishuke sentimita 30, kama daktari anayegonga kifua cha mgonjwa akisikiliza kilicho ndani. Mchanga unaopitika kwa mapigo chini ya 10 ni mlegevu, hauaminiki. Ukifika 30 na zaidi umeshikana vizuri. Bomba hilo linarudi juu na kipande cha udongo kinachopelekwa maabara. Inatobolewa mahali kadhaa ndani ya kiwanja kimoja, maana upande wa mashariki unaweza kuwa na mchanga mgumu na wa magharibi ukawa na tope la mto wa zamani.

Gharama ya kazi hiyo, ukiilinganisha na bei ya jengo la ghorofa, ni ndogo. Hata hivyo ndiyo inayokatwa mapema. Mwenye jengo anaona nondo, anaona vigae, anaona lifti. Tundu ardhini halionekani, wala halipangishwi. Katika ofisi nyingi ripoti ya udongo hudaiwa ili jalada likamilike, na wahandisi wenyewe hulalamika kwamba zipo zinazonakiliwa kutoka mradi mwingine wa mtaa ule ule na kubadilishwa jina. Ripoti iliyonakiliwa ni mbaya kuliko kukosa ripoti, kwa kuwa anayeisoma anapata ujasiri asioustahili.

Wakazi wa kusini na mashariki ya Nairobi nao wana adui wa aina nyingine: udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaopasuka nyufa za kumeza mguu wakati wa kiangazi na kunata kama gundi masika. Wasukuma wanaujua vilevile katika mbuga zao. Udongo huu unavimba ukinywa maji na kusinyaa ukikauka, na nguvu yake ya kuvimba inanyanyua nyumba. Ajabu ni kwamba nyumba nyepesi huumia zaidi. Ghorofa nzito inaukandamiza udongo usivimbe, ila kibanda cha vyumba viwili kinarushwa juu na kushushwa kila msimu, mpaka nyufa za mshazari zitokee kwenye pembe za madirisha. Dawa inajulikana, ni kuuondoa wote hadi kufikia mwamba au moramu, halafu kujaza kifusi kinachoshindiliwa tabaka kwa tabaka. Kinachojulikana pia ni jinsi fundi anavyoambiwa achimbe futi mbili tu, pesa zimeisha.

Kisha kuna mito. Sheria ya mazingira ya Tanzania ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Kenya ina kanuni za maji zinazoweka ukanda wa mita 6 hadi 30 kulingana na upana wa mto, na zipo sheria nyingine zilizotoa vipimo tofauti, hivyo kila mwenye jengo akachagua kinachompendeza. Agosti 2018 serikali ilishusha matingatinga jijini Nairobi. South End Mall kando ya barabara ya Lang'ata likabomolewa, Ukay Centre la Westlands likafuata. Si vibanda hivyo. Ni majengo ya biashara yaliyokuwa na vibali, na ndiyo hoja iliyowauma wenyewe: kama ni haramu, ni nani aliyegonga muhuri? Hoja hiyo ina nguvu, ingawa mto hausomi muhuri. Miaka miwili nyuma, Aprili 2016, jengo la makazi la Huruma lililokuwa karibu na mto liliporomoka usiku wa mvua na kuua watu wapatao 50. Lilikuwa limekwisha kuwekwa kwenye orodha ya yanayopaswa kubomolewa, na wapangaji walikuwa bado wanalipa kodi.

Dar es Salaam ina Jangwani. Ramani ya mipango miji ya mwaka 1979 ililitaja bonde la Msimbazi kuwa eneo la hatari. Watu walijenga. Desemba 2011 mafuriko yakaua makumi, na walionusurika wakapewa viwanja Mabwepande, mbali na soko na kazi, baadhi wakarudi bondeni baada ya muda. Kisha serikali yenyewe ikajenga bondeni humo karakana ya mabasi ya mwendokasi, na mabasi yakaogelea msimu baada ya msimu. Ni vigumu kumwambia mama lishe wa Jangwani kwamba kanuni ni kwa ajili yake wakati karakana ya umma ilijengwa ndani ya maji yale yale. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa mradi wa bonde hilo: daraja refu badala ya lile linalofurika, nyumba kuondolewa kwa fidia, karakana kuhamishwa, sehemu ya bonde kugeuzwa bustani ambayo mto unaruhusiwa kuingia unapofura. Huo ni uendelezaji upya wa ardhi kwa maana yake kamili, na ni ghali kwa sababu unarekebisha yaliyokwisha kuonywa.

Kanuni basi hazikosekani. Tanzania ina Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ina bodi ya makandarasi, na miradi hupangwa katika makundi kulingana na ukubwa wa athari zake kabla ya kupewa cheti cha mazingira. Kasoro iko kwenye namna zinavyopangwa. Kibali kinatazama mchoro wa kitakachosimama juu, cheti cha mazingira kinaandikwa na ofisi nyingine kwa jalada lingine, ripoti ya udongo inabaki kwa mshauri, na hati inabaki wizarani ikiwa haijui lolote kati ya hayo. Kiwanja kinapouzwa, kinachohama ni hati peke yake.

Uingereza ilishughulikia sehemu ya tatizo hili kwa njia isiyo na mbwembwe. Taasisi yake ya jiolojia inatunza kumbukumbu za matundu zaidi ya milioni moja yaliyotobolewa nchini kote, mengine ya zaidi ya karne iliyopita. Sheria inawabana wanaotoboa kutafuta madini na maji. Kampuni za ujenzi nyingi huwasilisha za kwao kwa hiari, kwa kuwa nazo hufaidi za wenzao. Mtu anafungua ramani kwenye intaneti, anabonyeza nukta iliyo karibu na kiwanja chake, anasoma kilichokutwa chini mita kwa mita na kina cha maji siku ile. Ripoti hiyo haimwondolei wajibu wa kutoboa kwake, ila inamwambia atoboe wapi na aogope nini.

Kariakoo ingefaidika na kumbukumbu kama hiyo kuliko mahali pengine popote pwani hii. Eneo ni dogo, viwanja vimebanana, na kwa miaka ishirini iliyopita kila nyumba ya Kiswahili iliyobomolewa na kusimamishwa ghorofa ingeweza kuacha nyuma yake ripoti ya udongo. Zingeunganishwa, jiji lingekuwa na picha ya ardhi ya Kariakoo kuanzia Msimbazi hadi Mnazi Mmoja, wapi mchanga umelegea, wapi maji yako mita ngapi, wapi andagraundi isiruhusiwe kabisa. Halmashauri haihitaji sheria mpya kuanza. Inahitaji kusema tu kwamba kibali hakitoki mpaka nakala ya ripoti, yenye namba za usajili za mhandisi aliyeitia saini na alama za mahali matundu yalipotobolewa, ifike kwenye masjala ambayo jirani naye anaruhusiwa kuisoma. Jirani ndiye wa kwanza kupata nyufa, na leo ndiye wa mwisho kuambiwa kwamba ng'ambo ya ukuta wake kuna watu wanachimba.